Kwa nini midomo haiendi na maneno katika The Good, the Bad and the Ugly?

SWALI: Shikamoo fundi. Baba yangu anaipenda mno ile filamu ya kauboi, The Good, the Bad and the Ugly, na nimemtafutia nakala nzuri aitazame nyumbani. Nimepata mbili: moja ina dakika 161, nyingine dakika 179. Zote zina tatizo moja, midomo haiendi na maneno. Nimejaribu kusogeza sauti mbele na nyuma kwenye kompyuta, lakini nikimweka sawa Tuco, yule padri ndugu yake anaharibika. Tena kwenye ile ndefu kuna sehemu Tuco anakuwa na sauti ya kizee ghafla, kama si yeye. Nakala zangu ni mbovu? Kuna namna ya kurekebisha? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza irudishe sauti pale pa sifuri, usiisogeze tena. Nina hakika kubwa kwamba nakala zako ni nzima, na unaweza kuthibitisha mwenyewe. Tafuta mahali bastola inapopigwa karibu na kamera. Simamisha picha, kisha uipeleke fremu moja moja mpaka uone moshi wa kwanza ukitoka kwenye mtutu. Filamu hii inakwenda fremu 24 kwa sekunde, kwa hiyo kila fremu ni kama milisekunde 42. Mlio ukiangukia kwenye fremu ya moshi, au ukapishana nayo kwa fremu moja, faili lako liko sawa. Midomo usiitumie kupimia. Haijawahi kwenda na maneno tangu filamu hii ilipotoka Italia, Desemba 1966.

Sababu ni kwamba filamu ilipigwa bubu. Hadithi yake ni ya Marekani wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, lakini waliokuwa nyuma ya kamera walikuwa Waitaliano, na mandhari yale makavu ni ya Hispania: jangwa la Almería kusini, na vilima vya Burgos kaskazini. Mwongozaji alikuwa Sergio Leone, mtayarishaji Alberto Grimaldi. Wakubwa watatu wa mbele, Clint Eastwood, Lee Van Cleef na Eli Wallach (huyu ndiye Tuco), walikuwa Wamarekani. Waliowazunguka wengi ni Waitaliano na Wahispania, na mbele ya kamera kila mtu alisema kwa lugha yake. Wallach anamaliza sentensi kwa Kiingereza, anajibiwa kwa Kiitaliano, na wa tatu anaingilia kwa Kihispania. Leone mwenyewe Kiingereza hakikumpanda. Yeye na Wallach walielewana kwa Kifaransa.

Mchanganyiko huo wa lugha ulikuwa na gharama zake. Lile daraja kubwa linalolipuliwa lilijengwa juu ya mto Arlanza kwa msaada wa jeshi la Hispania, na ofisa mmoja wa jeshi hilo akapewa heshima ya kulilipua. Ishara ikaeleweka vibaya, akabonyeza kabla kamera hazijaanza kuzunguka. Daraja likaruka, hakuna picha. Wanajeshi wakalijenga upya, likalipuliwa mara ya pili, na hilo la pili ndilo analoliona baba yako.

Unaweza kuuliza kwa nini hawakuweka vipaza sauti na kumlazimisha kila mtu aseme Kiingereza. Italia ilikuwa na mazoea yake. Tangu mwaka 1930 serikali ya Mussolini ilizuia filamu zenye mazungumzo ya lugha za kigeni, ikabidi kila filamu ya nje itiwe sauti za Kiitaliano. Fani ya kutia sauti ikakua hapo, ikapata studio zake na mabingwa wake, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia hata filamu za Waitaliano wenyewe zikawa zinatiwa sauti baadaye. Kwao lilikuwa jambo la kawaida kabisa. Tena lina faida. Kamera isiyofungiwa kasha la kuzuia kelele hulia kama cherehani, na pale halikuwa tatizo. Upepo wa jangwani haukuwa tatizo. Leone aliweza kumwelekeza mwigizaji kwa sauti huku kamera inakwenda, asiharibu kitu.

Baada ya hapo ndipo wanaingia watu ninaowapenda kuliko wote, na ambao watazamaji wengi hawawajui. Toleo la Kiitaliano halina sauti ya Eastwood hata kidogo. Unayemsikia ni Enrico Maria Salerno, aliyekuwa amempa Eastwood sauti katika filamu mbili za Leone zilizotangulia pia. Sauti ya Van Cleef ni ya Emilio Cigoli, na ya Wallach ni ya Carlo Romano. Mwitaliano aliyekulia na filamu hii anamjua Tuco mwenye koo la Carlo Romano, na ukimwekea Kiingereza atakwambia huyu siye.

Upande wa Kiingereza, wale Wamarekani watatu walijitia sauti wenyewe studio, baada ya upigaji kwisha. Hata wao basi hawaoani na midomo yao kwa asilimia mia, kwa sababu wanarudia leo maneno waliyoyasema jangwani miezi mingi nyuma. Lakini lugha ni ileile, ndiyo maana Tuco alikukubalia ulipomsogeza. Padri Ramírez, ndugu yake, ameigizwa na Mwitaliano Luigi Pistilli, na sauti ya Kiingereza unayoisikia kinywani mwake ni ya mtu mwingine. Ukimvuta mmoja unamtupa mwenzake. Hilo halirekebishiki kwa kusogeza chochote.

Mazungumzo ya Kiingereza yaliandikwa na Mickey Knox, Mmarekani aliyekuwa akiishi Roma. Mimi kazi yangu ni hii ya kulinganisha sauti na picha, na nakuambia kazi ya Knox ni ngumu kuliko inavyoonekana. Herufi zinazomsaliti mtia sauti ni zile zinazofunga midomo: p, b na m. Chukua neno la Kihispania mañana. Midomo inafunga mwanzoni kabisa. Kwa Kiingereza ni tomorrow, m imehamia katikati. Kwa Kiswahili ni kesho, na midomo haifungi hata mara moja. Jiangalie kwenye kioo ukitamka. Kwa hiyo mwandishi hatafsiri tu. Anatafuta neno lenye maana ya karibu ambalo linafunga midomo pale mwigizaji alipoifunga, lenye urefu uleule, na ambalo bado mtu wa kawaida angelisema. Mara nyingine anabadilisha sentensi nzima ili apate m moja mahali pake. Akishindwa, anaomba mhariri ahamie kwenye uso wa anayesikiliza. Ukiona kamera inakaa kwa msikilizaji huku mwingine anazungumza, huenda ni hiyo ndiyo siri yake.

Sisi tumezoea njia nyingine, ile ya mtu mmoja kukaa na kipaza sauti na kuisimulia filamu nzima juu ya sauti yake ya asili, kama zinavyosikika kwenye mabanda ya video ya Tanzania na Uganda. Pale hakuna anayedai midomo iende na maneno, mtazamaji anakubali kwamba kuna msimulizi. Waitaliano walitaka usahau kabisa kwamba kuna mtu mwingine.

Sasa nikuombe jambo. Usiitazame filamu hii kwa kuvizia midomo, maana walioitengeneza waliijenga juu ya nyuso na muziki. Dakika kama kumi za mwanzo hakuna mazungumzo. Sura ya kwanza kujaza kioo ni ya Al Mulock, mwigizaji kutoka Kanada, na hatamki kitu. Mpiga picha Tonino Delli Colli alitumia mfumo wa Techniscope, ambao kila fremu inachukua matundu mawili ya pembeni mwa mkanda badala ya manne, hivyo mkanda uleule unatosha mara mbili na bado picha inatoka pana. Na kwa sababu hautumii lenzi za kubana picha, uso unaweza kuujaza upana wote wa kioo, vinyweleo vikaonekana, bila kupindika.

Nenda mwisho, makaburini. Uwanja ule wenye makaburi kama 5,000 ulitengenezwa na wanajeshi haohao wa Hispania, karibu na Santo Domingo de Silos, kwa ramani ya Carlo Simi, ambaye alisanifu pia mavazi. Tuco anakimbia huku na huko akitafuta jina moja, na Edda Dell'Orso anaimba bila neno lolote. Kisha wanasimama watatu. Macho, mkono, bastola, macho. Tazama mkono wa kulia wa Van Cleef unaponyemelea bastola: kidole cha kati hakina ncha. Wahariri Nino Baragli na Eugenio Alabiso wanaanza na picha ndefu, wanazifupisha kidogo kidogo kadiri muziki wa Ennio Morricone unavyopanda, mpaka mwisho kila picha ni kufumba na kufumbua. Sehemu ya muziki huo ilikuwa tayari kabla ya kupiga picha. Zile noti mbili za wimbo mkuu zinazorudi kama mlio wa mbwa mwitu wa jangwani kila mmoja wa watatu amepewa kwa sauti yake: filimbi kwa Eastwood, ala ya kupuliza iitwayo arghilofono kwa Van Cleef, na sauti za binadamu kwa Tuco. Mluzi ni wa Alessandro Alessandroni. Katika filamu ambayo sauti yote ilitiwa baadaye, muziki una haki sawa na maneno, na hapo makaburini umeyashinda.

Nakuja kwenye sauti ya kizee. Umesikia vizuri. Filamu ilipopelekwa Marekani ilikatwa, ndipo ikapatikana ile ya dakika 161. Sehemu zilizokatwa hazikuwahi kutiwa Kiingereza. Mwaka 2003 zilirudishwa, Eastwood na Wallach wakaitwa studio kusema tena maneno ya mwaka 1966. Eastwood alikuwa amepita miaka 70, Wallach amepita 85. Sehemu mojawapo iliyorudishwa, ambayo Leone mwenyewe alikuwa ameikata mapema, ni ile Tuco anapoingia pangoni na kuku kutafuta wenzake watatu. Mwili ni wa mtu wa miaka 50, pumzi ni ya babu. Van Cleef alikuwa amefariki mwaka 1989, kwa hiyo katika ile ngome iliyobomoka, yenye wanajeshi majeruhi, sauti yake imetolewa na mwigizaji aitwaye Simon Prescott. Mimi kila nikifika kwa Wallach nasimama. Mzee wa miaka hiyo anaufukuzia ujana wake mwenyewe mdomo kwa mdomo, na anaupata.

Ukitaka kumfurahisha baba, mwekee kwanza ile ya dakika 161 kama ndiyo aliyoizoea ujanani. Ile ndefu angalia kama ina chaguo la sauti ya mono, yaani ya njia moja kama ya zamani, na ulichague. Mchanganyiko mpya wa spika nyingi ulibadilisha milio ya bunduki, na mtu aliyeizoea ya zamani ataigundua risasi ya kwanza tu. Kama ina sauti ya Kiitaliano, mwekee pia sehemu moja ya Tuco kwa Kiitaliano, amsikie Carlo Romano.