Jibu: Kwa nini maboga machanga yanageuka njano na kudondoka

Ndugu, umeuliza kwa nini maboga yako yanachanua vizuri ilhali vitunda vinageuka njano na kudondoka. Kabla ya kununua dawa yoyote, chunguza kwanza uchavushaji, yaani kufika kwa chavua (unga wa ua dume) kwenye ua jike, kwani kitunda kisichochavushwa ndicho hugeuka njano na kudondoka. Mmea wa maboga huwa na maua dume na maua jike yaliyo mbalimbali: ua jike utalitambua kwa kijiboga kidogo kilicho chini ya petali zake, na ua dume kwa kikonyo chake kirefu na chembamba. Chavua yake ni nzito na hunata, kwa hiyo haipeperushwi na upepo. Ni lazima nyuki aingie katika ua dume, atoke amepakwa chavua mwilini, kisha aifikishe kwenye stigma (sehemu ya katikati inayopokea chavua) ya ua jike asubuhi ileile, kwani aghalabu maua hayo hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri. Kila mbegu huhitaji chembe yake ya chavua, ndiyo maana tunda lililopata chavua haba hudumaa au hupinda. Nakusihi sana usipulize viuatilifu maua yakiwa wazi. Nyuki wakikosekana, chuma ua dume lililofunguka, ondoa petali, kisha lipake taratibu kwenye stigma.