Yangeyange mweupe pepepe: shida ni ya kamera?

SWALI: Salaam aleikum, mwalimu. Nina lenzi ya milimita 400, na mwezi ujao nakwenda Delta ya Mto Tana kupiga picha za ndege. Yangeyange ananitesa. Akisimama mbele ya mikoko anatoka mweupe pepepe, hata unyoya mmoja hauonekani. Akipaa angani anakuwa wa kijivu. Kamera imeharibika? – Msomaji, Likoni

JIBU: Waaleikum salaam. Kamera yako ni nzima, ndugu yangu, usimpe fundi pesa zako.

Kipimo cha mwanga hakijui kwamba unampiga yangeyange. Kinatazama kila kilichomo kwenye fremu, kisha kinataka chote kiwe na mwanga wa wastani. Mikoko ni myeusi, kwa hiyo kamera huongeza mwanga, na ndege aliyechukua kipembe tu cha fremu huungua, yaani hupata mwanga kupita kiasi. Anga ikiwa nyeupe, hupunguza, naye hufifia. Jua linalompiga halijabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni kilichoko nyuma yake.

Basi inyang'anye kamera uamuzi. Weka kwenye M, hali ya kupanga kila kitu kwa mkono, na ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, uichague mwenyewe, maana ISO ya otomatiki itakurudisha pale pale. Jua kali likiwa mgongoni mwako, anzia kasi ya shata (pazia linalopitisha mwanga) ya 1/3200, tundu la lenzi f/5.6, ISO 200. Piga moja, kisha tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wenye giza kushoto na weupe kulia, si picha: kioo cha kamera juani ni mwongo mkubwa. Mchoro ukigonga ukingo wa kulia, manyoya yameungua. Ongeza kasi ya shata. Ukiukaribia bila kuugusa, umepata, na hapo ndege atoke mikokoni apae juu ya maji, wewe huguswi na lolote. Wingu likipita itabidi upime upya, ndiyo adha ya njia hii. Kwa mnandi, ambaye ni mweusi, shusha kasi hadi 1/1600 au chini kidogo.

Hifadhi kwa faili ghafi, RAW. Zinasamehe mengi, ila kilichoungua kabisa hakirudi. Usitegemee umeme huko. Beba betri za ziada.

Saa sita mchana pumzika. Hewa ya moto juu ya tope huitikisa picha ikakosa ukali, na hakuna lenzi inayotibu hilo, hata iwe ya bei gani. Ukikuta viota, kaa mbali: wazazi wakiruka, mayai na makinda hubaki wazi kwa jua na kwa wawindaji.

Kabla ya safari fanyia mazoezi kwenye mikoko ya Tudor, hapo Mombasa. Fika maji yakianza kujaa, si yakiwa yamekupwa kabisa. Ndege wakiwa wametawanyika kule mbali kwenye tope utapata vidoa tu. Maji yakipanda, wao wenyewe husogea ukingoni ulipokaa. Siku za bamvua maji hupanda sana, kwa hiyo chagua pa kukaa mapema, na jua liwe nyuma yako.