Ati marufuku imeondolewa? Marufuku ipi?

Usilipe. Nasema usilipe hata shilingi. Nimesoma hapo juu kwamba umepata dalali Lamu wa kukukusanyia korja 30 za boriti za mikoko (korja moja ni miti 20), wewe uko Malindi watafuta jahazi la kwenda Oman, "kwa vile marufuku imeondolewa". Walahi chai imenipalia. Ndiyo maneno niliyoambiwa mimi na dalali wangu, na huenda ni mdomo ule ule.

Marufuku ipi, mwanangu? Serikali ilisimamisha ukataji miti mwaka 2018, mikoko ikiwemo. Mwaka 2019 Lamu tukaachiwa kukata tena, kwa leseni. Hiyo ndiyo iliyoondolewa. Ya kupeleka boriti ng'ambo ni nyingine kabisa, ya tangu 1982, mimi bado navaa kaptura ya shule. Kukata ni mambo mengine, kuvusha ni mengine. Yule dalali wangu mshenzi hata uongo hakusema! Alinipa ukweli wa mlango wa jirani, nikaingia nao kwangu. Tena alianza na mababu: majumba ya Uarabuni yameezekwa kwa boriti zetu, upana wa chumba wafuata urefu wa mti. Ni kweli, lakini mababu hawakuulizwa kibali gatini.

Nilinunua korja 25, yaani miti 500. Laki mbili na nusu, pesa ya mashua aliyoniachia marehemu baba. Zikashushwa Mokowe, gati ya bara mkabala na Lamu, zipakiwe jahazini kwenda ng'ambo, nami natembea kifua mbele na karatasi yangu ya muhuri. Afisa akaisoma, akanirudishia kwa upole: "Mzee, hii ni ya kusafirisha humu humu Kenya." Ndiyo siku niliyokisoma kibali changu kwa mara ya kwanza. Cheka tu, mke wangu alishacheka, mpaka leo aniita Sultani wa Boriti. Nahodha wa jahazi naye, arbuni yangu iko tumboni, akapakia mzigo wa mtu mwingine akenda zake.

Boriti zikalala juani miezi mitatu, nyingine zikapasuka. Mjenzi mmoja wa mabanda ya makuti Watamu akazichukua nyingi kwa nusu bei, na nikamshukuru. Dalali? Simu haipatikani. Nikaja kukutana naye arusini, sahani ya biriani mkononi, ananiambia "ndugu yangu, ni mambo ya riziki". Riziki ya nani?

Kwa hivyo mwambie huyo wako akuoneshe karatasi iliyoandikwa wazi kuwa mzigo huu waruhusiwa kutoka nje ya Kenya. Si ya kukata, si ya kusafirisha. Ya kutoka nje. Akianza habari za mababu, funga simu.

Ila kama ni boriti za kujengea huko huko Malindi, nina korja mbili bado nyuma ya nyumba. Mbuzi wamezizoea, lakini tutaelewana.