Kuzungumzia kifo kabla ya msiba: pa kuanzia, cha kuandika, na panapoharibika

Mleta mada ameuliza mawili: amwanze vipi mzazi wake mzee kuhusu mazishi bila kuonekana anamwombea kifo, na kama majirani wanaweza kukaa kuzungumzia kifo kikao kisigeuke kilio. Naanza na mzazi, maana huko ndiko kunakoharibika zaidi.

Swali la "ukifa tufanyeje?" halijibiki. Ni kubwa, linatisha, na jibu lake huwa "mtajua wenyewe". Uliza dogo lenye jibu: ungependa ulazwe karibu na nani? Nani aseme kwa niaba ya familia? Kuna mtu usiyetaka akuoshe? Hilo la mwisho wengi wana jibu lake tayari, hawajaulizwa tu. Wakati mzuri ni mkiwa njiani kutoka kumzika mtu mwingine, au mkiwa na kazi mikononi na macho hayatazamani. Tanguliza lako: "Mimi nikitangulia, nizikwe hapo nilipofia, nisisafirishwe. Wewe je?" Akikwepa, mwache. Mara nyingi atalirudia swali mwenyewe baada ya siku kadhaa.

Ila asisikie mtoto mmoja peke yake. Aliyeambiwa faraghani huonekana mwongo siku ya msiba, hata kama ni mkweli. Wawepo angalau wawili wasio wa upande mmoja.

Nasisitiza hilo kwa sababu ya kisheria pia. Watu huandika maelekezo ya mazishi ndani ya wosia wa mali wakadhani wamemaliza. Kwanza, wosia mara nyingi hufunguliwa mtu ameshazikwa. Pili, katika nchi zilizorithi sheria za Uingereza, msingi uliowekwa na kesi ya Williams dhidi ya Williams ya mwaka 1882 ni kwamba maiti si mali. Kwa hiyo matakwa ya marehemu juu ya mwili wake kwa kawaida hayamfungi msimamizi wa mirathi, labda kama sheria ya nchi imeweka vingine. Kinachobaki na nguvu ni masikio ya waliosikia. Mteue msimamizi ambaye amekaa akakusikia, na anayekubaliana na ulichosema.

Karatasi bado inahitajika, lakini iwe ukurasa mmoja, herufi kubwa, maana atakayeisoma huenda anaisoma saa tisa usiku mikono ikitetemeka. Juu kabisa ziwe namba za simu za watu watatu, kwa mpangilio wa kupigiwa. Chini yake: kuzikwa au kuchomwa, wapi, na chaguo la pili la kwanza likishindikana. Nani aongoze ibada. Jeneza lifunguliwe au lisifunguliwe. Pete ibaki kidoleni au avuliwe, na apewe nani. Weka pia kikomo cha gharama kwa tarakimu; "mazishi ya kawaida" kila ndugu ana tafsiri yake, na ugomvi huanzia hapo. Tia tarehe na sahihi, na ukiandika mpya chana ya zamani. Isifungiwe kwenye sanduku ambalo ufunguo wake anajua marehemu peke yake.

Ukichagua kuchomwa na una kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo kifuani, liandike hilo waziwazi: betri yake hulipuka ndani ya tanuri, lazima kitolewe kwanza. Ukitaka mwili uende chuo cha udaktari, mara nyingi utahitaji kusaini fomu za chuo ukiwa hai, na hata hivyo chuo kinaweza kuukataa, kwa mfano mwili ukipasuliwa kuchunguza chanzo cha kifo au ukiwa na maambukizi fulani. Kwa hiyo chaguo la pili hapa ni lazima. Kutoa viungo ni jambo jingine tena. Moyo kwa kawaida huchukuliwa kwa aliyefia hospitalini akiwa kwenye mashine, lakini konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, zinaweza kutolewa saa kadhaa baada ya kifo, ilimradi familia imeambiwa mapema na haianzi kubishana wakati huo.

Sasa majirani. Vikao hivi vina historia: Bernard Crettaz, mwanasosholojia wa Uswisi, alivianzisha mwaka 2004, na Mwingereza Jon Underwood akafungua cha London mwaka 2011. Masharti yake yanafaa popote: hakuna anayeuza kitu, hakuna anayehubiri, hakuna uamuzi wa kufikia, na yaliyosemwa hayatoki nje. Kuwe na kitu cha kunywa na kutafuna. Watu wanne hadi sita kwa meza, saa moja na nusu hadi mbili. Kinachoviua ni wakala wa bima, au mfiwa wa wiki iliyopita aliyekuja akitafuta ushauri nasaha. Huyo mfiwa asifukuzwe. Mwenyeji atoke naye pembeni, amsikilize, amwelekeze kwa mtu wa kumshika mkono.

Watoto waambieni "amekufa", kwamba mwili umeacha kufanya kazi na haurudi. Ukisema "amelala", mtoto ataogopa kitanda. Ukisema "amesafiri", atasubiri mlangoni.

Na tafadhali msiwapimie wafiwa zile hatua tano: kukana, hasira, kujadiliana, sononeko na kukubali. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakielekea kufa, si kama ratiba ya waliobaki. Maelezo ya Stroebe na Schut, watafiti wa majonzi ya wafiwa, ya mwaka 1999 yako karibu zaidi na hali halisi: mfiwa huenda na kurudi, leo analia, kesho anapanga ada za shule, keshokutwa analia tena. Ukipita hata mwaka mzima na bado hawezi kuendesha maisha ya kila siku, apelekwe kwa mtaalamu.

Ukienda kumwona, nenda wiki ya sita, wengine wakiwa wameshaondoka. Mtaje marehemu kwa jina, uliza jambo moja kumhusu, kisha nyamaza usikilize.