Kilomita ni zile zile, mbona saa hazilingani?

Nimegawa umbali kwa kasi ya ndege, kilomita 900 kwa saa. Mbona jibu halifanani na la tiketi?

Ndege haianzi na kasi hiyo wala haimalizi nayo. Chukua London na New York, kama kilomita 5,550. Kwa hesabu yako ni saa 6 na dakika 10, ila ratiba ya kuelekea New York huandika karibu saa 8. Muda wa tiketi huanza kuhesabiwa ndege inapoachana na lango. Hapo bado itajikokota hadi njia ya kurukia, itasubiri zamu, ndipo ipae na kupanda polepole. Mimi huongeza nusu saa kwanza, halafu naangalia upepo.

Na kurudi London, mbona ni saa 7 tu?

Ni upepo huo huo. Zile kilomita 900 ni kasi ya ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe inatembea. Huko juu, kwenye kilomita 10 hivi, kuna mkondo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ukivuma kwa kilomita 150 kwa saa, ndege inayokwenda nao inapita juu ya ardhi kwa 1,050, na inayopambana nao inabaki na 750. Majira ya baridi hupata nguvu zaidi: Februari 2020, wakati wa dhoruba, ndege ya abiria ilitoka New York ikafika London chini ya saa 5. Kwa hiyo usipange safari ya kurudi kwa muda wa kwenda.

Nikitoka London kwenda Los Angeles, skrini ilionyesha tuko juu ya Greenland. Si tulizunguka?

Hapana, hiyo ndiyo njia ya mkato! Ramani ya ukutani imeitandaza dunia iliyo duara, ndiyo maana inadanganya macho. Tafuta tufe na uzi. Bana ncha moja London, nyingine Los Angeles, kisha vuta ukaze. Uzi utapanda wenyewe kaskazini hadi Greenland. Umbali unaotajwa kati ya viwanja hivyo, karibu kilomita 8,800, ni urefu wa uzi huo. Hata hivyo rubani anaweza kuuacha na kwenda kilomita nyingi zaidi ili apate upepo wa mgongoni, akafika mapema.

Tiketi yangu inasema natoka Tokyo Jumamosi 17:00, nafika Los Angeles Jumamosi 11:00. Wamekosea?

Hawajakosea. Kila saa kwenye tiketi ni ya mahali husika. Utakuwa angani kwa muda wa saa 10, na ukitua Tokyo itakuwa saa tisa usiku wa kuamkia Jumapili. Wakati wa kiangazi Los Angeles iko nyuma ya Tokyo kwa saa 16. Ondoa hizo, unarudi Jumamosi saa tano asubuhi. Anayekupokea mpe tarehe na saa ya kufika kama ilivyoandikwa, asijumlishe chochote.