Mbegu zilizochachushwa haziui bakteria wa vidonda vya tumbo

Swali: Asalaam aleykum daktari. Mama yangu, miaka 58, ana vidonda vya tumbo. Alipimwa damu akaambiwa ana bakteria, akaandikiwa dawa za siku 14. Siku ya 5 akaziacha kwa sababu mdomo ulikuwa mchungu kama kalamba chuma. Sasa kuna mtu Malindi anamuuzia chupa ya mbegu zilizochachushwa, anakunywa vijiko viwili kila asubuhi. Muuzaji anasema utafiti umethibitisha, na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, aiache. Maumivu yamepungua, ila bado anameza diklofenaki kwa ajili ya magoti. Aendelee? (Msomaji, Matondoni, Lamu)

Jibu la mfamasia: Waaleykum salaam, dada. Chupa aiweke kando, na diklofenaki aiache leo. Hiyo diklofenaki ndiyo iliyonishtua zaidi, na bila shaka muuzaji hakuiulizia. Hupunguza kemikali ambazo mwili hutumia kutengeneza ute wa kulinda tumbo, na hufanya hivyo kupitia damu. Kwa hiyo kuimeza na maziwa, au kuchomwa sindano badala ya kidonge, hakumwokoi. Kwa magoti atumie parasetamoli, au jeli ya kupaka, ambayo huingia kidogo sana kwenye damu.

Sasa hilo la "maumivu yamepungua". Hapa ndipo watu wanapopotea kila siku. Maumivu ya kidonda cha tumbo huja na kuondoka yenyewe, hata kwa asiyetumia chochote. Na anayemeza diklofenaki anaweza kuwa na kidonda kikubwa asisikie kitu, kwa kuwa ni dawa ya maumivu. Dalili ya kwanza ikawa kutapika damu. Kutulia kwa tumbo si kipimo.

Na huo utafiti? Upo, tusiukane. Huko Afrika Magharibi mbegu za mti wa Parkia huchemshwa kwa saa nyingi, hukobolewa, huchemshwa tena, kisha hufunikwa penye joto siku 2 hadi 4 zichachushwe na bakteria wa jamii ya Bacillus. Wahausa huita dawadawa, Wayoruba iru. Ni kiungo cha mchuzi. Kuchacha hupunguza tanini na kuachia viambata vinavyopambana na uvimbe, na dondoo za mbegu za namna hiyo zimejaribiwa kwa panya. Lakini soma panya walifanywaje. Mara nyingi hupewa dondoo kwanza, ndipo huchokozwa tumbo kwa pombe kali au indomethasini, dawa ya maumivu ya jamii ya diklofenaki. Baada ya saa chache hupasuliwa na michubuko kuhesabiwa. Hiyo ni kinga dhidi ya mchubuko wa siku moja. Mama yako ana bakteria aliyejichimbia kwenye ute wa tumbo, pengine kwa miaka mingi. Barry Marshall na Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria huyo, H. pylori, ndiye chanzo cha vidonda vingi, na bado tunauziwa dawa ya "kutuliza asidi na mawazo".

Kurudi hospitalini ni lazima. Tiba mojawapo inayotumika sana ni omeprazoli miligramu 20, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, kila moja mara mbili kwa siku kwa siku 14. Ule uchungu wa chuma kwa kawaida huletwa na klarithromaisini au metronidazoli, na huisha dozi ikiisha. Asizirudie mwenyewe zilizobaki: aliyekatiza siku ya 5 huenda amebakiwa na bakteria sugu, kwa hiyo daktari anaweza kuchagua dawa nyingine. Kipimo cha damu kisimhadae tena, maana huendelea kuonyesha ndiyo hata baada ya kupona. Aombe kipimo cha choo, angalau wiki 4 baada ya kumaliza antibaotiki na wiki 2 bila omeprazoli.

Wauza chupa wamenichosha. Mbegu zilizolowekwa bila kupikwa, zikafungwa ndani ya chupa kwenye joto la Malindi, hazina uhusiano na dawadawa. Pasipo hewa wala uchachu wa kutosha, bakteria wa sumu ya botulini, inayopoozesha mwili, hustawi. Mbegu zilizohifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumukuvu, na kuchemsha hakuiondoi. Wanaijeria huchachusha hata mbarika wakapata ogiri, baada ya kuzipika sana. Atakayeiga kwa mbarika mbichi anamnywesha mtu sumu yake, risini. Tena unga wa "mitishamba" unaotuliza magoti na tumbo ndani ya saa moja uutilie shaka, kwani bidhaa za aina hiyo zimewahi kukutwa zimesagiwa diklofenaki au deksamethasoni.

Akitaka mbegu za uwatu, sina ugomvi: kijiko kimoja cha chai kilowekwe usiku mmoja kwenye friji, anywe kwa tofauti ya saa mbili na dawa zake. Kama anatumia dawa za sukari au za kuzuia damu kuganda, amwambie daktari kwanza.

Muulize leo rangi ya choo chake. Kikiwa cheusi, kinanata kama lami na kinanuka kuliko kawaida, naye hamezi vidonge vya madini ya chuma, mpelekeni hospitali usiku huohuo na ile chupa mkononi.