Picha za wakimbiaji kutoka na ukungu
Ndugu, umeuliza kwa nini wakimbiaji wanatoka na ukungu tangu urudi kwenye kamera. Kwanza tazama mandhari ya nyuma: kama nayo imevurugika, mkono ulitikisika, kama imetulia na mkimbiaji pekee ndiye kafutika, kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga) ni ndogo. Weka shata 1/500 ya sekunde au kasi zaidi, na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) iache ipande. Chembechembe zinazoletwa na ISO kubwa hupunguzwa kwenye programu, ukungu wa mwendo ni vigumu mno kuuondoa. Ukishazoea, jifunze kumfuata mkimbiaji kwa kamera, ili yeye abaki wazi na nyuma ndiyo ifutike: shata 1/30, fokasi ya kufuatilia (inayomfuata anavyosogea), geuka kuanzia kiunoni, na endelea kugeuka hata baada ya kubofya. Wengi hukwama hapo, hukatiza mapema. Piga picha 30, zikitoka kali mbili tatu, si haba.